Chanzo cha Chuma

Chupa ilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Damaris aliitoa mkobani, akaifuta kwa pindo la leso, kisha akaiweka mbele ya Daktari Mahfudha kwa adabu ya mtu aletaye zawadi.

"Ndiyo ninayompa, Daktari. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ya kuongeza damu."

Daktari alisoma maandishi ya ubavuni. Kando, bintiye Damaris, Pola, mwenye miaka tisa, aliegemea ukuta akihema kama aliyetoka kukimbia, ilhali kutoka langoni walikuja mwendo wa pole. Ngozi yake ilikuwa imeingia weusi wa kijivu. Kule kijijini kwao, Ganda, majirani walisema ni jua la shamba.

"Umempa kwa muda gani?"

"Tangu alipomaliza matibabu ya saratani ya damu. Mwaka na miezi miwili. Sikuruka hata siku moja."

Alilisema hilo kwa fahari, kisha akauona uso wa daktari.

"Mama Pola, hii ni dawa ya madini ya chuma. Mwanao hakupungukiwa na chuma, kimemjaa. Kimeshika ini, na sasa kinagusa moyo."

Damaris aliitazama mikono yake. Kulikuwa na asubuhi ambazo Pola alibana meno, naye akamziba pua ili ameze.

"Nimemuua mwanangu."

"La. Nisikilize." Daktari alifunua faili. "Wakati wa matibabu aliongezwa damu mifuko thelathini na mmoja, papa hapa. Ilimwokoa. Lakini kila mfuko huacha chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Ilitupasa tumpime. Hakupimwa hata mara moja. Chupa hii imeongeza kidogo tu. Iko dawa ya kukiondoa, huagizwa Mombasa. Naandika ombi sasa hivi."

Damaris aliyasikia yote, akabaki na lile neno "kidogo".

Maombi yote yalipitia kwa Bwana Habib, msimamizi wa Hospitali ya Mkwajuni, na Damaris akaingia na Pola ofisini mwake. Msimamizi aliisoma karatasi ya daktari polepole, kisha akaifunika kwa nyingine.

"Shikamoo, mzee," Damaris akasema.

"Marahaba. Chupa ulinunua wewe?"

"Mimi."

"Nani aliyekuandikia?"

"Hakuna. Niliona mtoto hana nguvu."

"Kumbe Ganda mna daktari, na sisi hatuna habari."

"Daktari amesema ile mifuko ya damu..."

"Daktari Mahfudha ana miezi mitatu hapa. Tukiandika mifuko, faili litakwenda kwenye uchunguzi. Uchunguzi una kamati, na kamati ina vikao vyake. Dawa haiagizwi mpaka wamalize. Mwaka, pengine miwili. Tukiandika yaliyotendeka nyumbani, ombi linaondoka leo saa nane. Mimi sikulazimishi, mama. Mtoto ni wako."

"Na moyo wake utangoja huo mwaka?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe."

Fomu ilikwisha kupigwa chapa. Bwana Habib akaisukuma mbele ya Damaris, na kalamu juu yake. Damaris aliachia shule darasa la tatu. Maneno marefu yalimshinda.

"Hebu nisomee, mzee."

"Ni haya haya tuliyozungumza."

Pola alijikokota hadi mezani. Aliweka kidole chini ya mstari, kama wanavyofundishwa darasani, akasoma kwa sauti, akivuta pumzi baada ya kila neno.

"Chanzo. Cha. Chuma. Uzembe. Wa. Mama." Akainua uso. "Mama, uzembe ni nini?"

Bwana Habib alitazama saa ya ukutani.

"Ni makosa, mwanangu," Damaris akamjibu.

"Ya nani?"

"Umesoma vizuri," Damaris akasema. Akainama, akaandika jina lake kwa herufi kubwa kubwa, kwa uangalifu, asivuke mstari.