Mzigo wa Majani

...na huyo daktari kijana angejuaje, presha imepanda, mzee, nusu saa kila siku, mwendo wa kukutoa jasho, kana kwamba Wenseslaus hajui jasho, yeye aliyelima kihamba kizima, shamba la ukoo, kwa mikono hii hii, akamfokea palepale, nimebeba magunia ya kahawa kabla hujazaliwa, na daktari akauliza taratibu tu, lini?... lini, "Baba Rachel, njoo unitue," mkewe Eunike huyo mlangoni, mzigo wa majani ya ng'ombe umemfunika mpaka mabegani, ameupandisha kutoka tambarare, na yeye yuko hapa kitini, kifua kimebana, mkono wa kushoto ganzi tena, tangu bei ya kahawa iporomoke akanunua pikapu ya kubebea watu mizigo, akawa mtu wa kukaa, anakaa kwenye usukani mpaka sokoni Tarakea, anakaa mpaka nyumbani, kama Filbert mdogo wake, aliyekutwa amekufa kitini, chai haijapoa... sitaki, Mungu wangu, bado sitaki, na si kwamba hakujaribu, juzi alitoka mikono mitupu, akakaza mwendo katika barabara hii ya Masama, jirani yake Anaeli akapaza sauti toka kwenye migomba, "Baba Rachel! Nani amefariki?" maana nani hapa hukaza mwendo bila mzigo kama si msiba, naye, asiyemficha hata mteja tairi bovu, akajibu, ndiyo, nawahi msibani, akakata kona na kurudi kujifungia ndani, uongo ule unamkaba kuliko hiki kifua... "Baba Rachel, shingo jamani!" nakuja, mama, nakuja, magoti gani haya, mwenzangu kila siku anapanda na mzigo mpaka usiku anayakanda ya kwake kwa maji moto, mimi nakufa kwa kukaa, yeye anakufa kwa kubeba, nyumba moja, kitanda kimoja, mwanamume habebi majani, nani alisema, baba alisema, baba hakuwa na pikapu, watacheka, Anaeli atacheka mpaka adondoke, na acheke, mwenye mzigo haulizwi nani kafa... banda la ng'ombe liko kule nyuma ya migomba, na kesho tambarare, na keshokutwa, "Usitue," akasema, sauti nyembamba kama ya mgonjwa, "nitwike mimi." Eunike hakusogea, majani yanamning'inia machoni, "Unasemaje?" "Nitwike, nimesema!" akafoka, na mikono yake miwili bado imeking'ang'ania kiti.