Ngisi Asiyekula Mtu

Kazini walimwita Nahodha, ingawa mtu yule alitapika hata ndani ya mtumbwi wa bwawani. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni katika jumba la makumbusho, na wageni wote, hata waliofuata vyungu vya kale, aliwamalizia chumba cha mwisho, mbele ya tangi refu la kioo alimolala ngisi mkubwa ndani ya dawa, mweupe, amenyauka, amekufa zamani.

Hapo ndipo Nahodha alipopata mdomo. "Minyiri hii," alisema kwa sauti ya chini ili wasogee, akionyesha mikono mirefu ya ngisi, "ilizamisha merikebu na watu wake." Merikebu gani? Kila kundi lilipewa ya kwake, na waliotoka mbali walizamishiwa ya kwao. Mkurugenzi alishamkanya mpaka akachoka: ngisi huyu anaishi kilindini kusikofika mtu, anakula samaki na ngisi wenzake, na hakuna binadamu anayejulikana kwa hakika kuuawa naye. Nahodha aliitikia kwa heshima zote, kisha akaenda kuzamisha merikebu nyingine. Ukweli, alimwambia mama wa tiketi, haujawahi kumfanya mgeni arudi na wenzake.

Tatizo ni kwamba alifiwa na mkewe mapema, na binti yake wa pekee alikulia chumba kile. Alifanyia kazi za shule sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye tangi, akisikiliza watu wakizama. Mtoto mwingine angeota ndoto mbaya. Huyu alisoma, akazidi kusoma, akafika chuo kikuu, na sasa amechaguliwa kupanda meli ya utafiti inayokwenda kumtafuta ngisi huyo akiwa hai, upande wa pili wa dunia, kwa miaka kadhaa.

Nahodha alibisha kila mlango ili asiende. Alisema presha imepanda. Binti akampima mwenyewe, akakuta iko sawa. Alisema shangazi mtu amempatia nafasi ya kazi benki. Shangazi alipopigiwa simu akashangaa kuliko wote. Basi akafanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya. Asubuhi moja, kabla milango haijafunguliwa, alimpeleka binti yake mbele ya tangi na kuanza kumtembeza kama mgeni aliyekata tiketi.

"Minyiri hii," alisema.

"Shusha sauti, Baba. Hapo huwa unashusha."

Akashusha. Alipofika kwenye merikebu maneno yakamruka. Binti akamdokezea: "Mpishi ndiye aliyekuwa wa mwisho kupiga kelele." Akamdokezea na mlingoti ulivyovunjika. Baba wa watu akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyekwama ubaoni.

"Baba, nikuulize," binti alisema, na kicheko kilikuwa kimemwisha. "Huyu mnyama umenifundisha wewe, chuo wameongezea tu. Wageni waache. Niambie mimi mwanao: ni hatari kwa binadamu? Ukisema ndiyo, sipandi meli. Nitakaa hapa na wewe, na hiyo kazi ya benki nitaitafuta hata kama haipo."

Nahodha alimjua, akishatoa neno harudi nyuma. Kilichotakiwa ni ndiyo moja tu, na alikuwa ameisema mbele ya tangi hilo kila siku ya kazi, kwa watu asiowajua, bila kutoka jasho. Akafungua mdomo. Binti alikuwa amemkazia macho yeye, wala si ngisi, na Nahodha akaona kwamba angeaminiwa. Au mtoto angejifanya kumwamini, akabaki kwa ajili yake, akazeekea kaunta ya benki akimpima presha. Aliogopa hilo kuliko alivyoogopa kuachwa, na kuachwa alikuogopa sana.

"Hapana, mama," alisema. "Huyu hana neno na mtu. Hajawahi kuchukua mtoto wa mtu yeyote."

Binti alimkumbatia kwa nguvu, akaanza kueleza habari za meli, vyumba vyake, kamera za kilindini, siku ya kuondoka. Nahodha aliitikia kila kitu, macho yake yakiwa kwenye tangi, juu ya bega la mwanawe. Alikuwa amesema kweli tupu, vilevile kama mkurugenzi alivyotaka miaka yote, na hakuwahi kujiona mwongo kama alivyojiona asubuhi ile.