Jagi Lenye Mistari

Sista wa wodi alinikabidhi jagi la plastiki lenye mistari ubavuni, akanieleza kazi yangu akiwa amesimama mguu mmoja nje ya pazia. Lita moja ni mililita elfu moja. Mililita moja ni matone kama ishirini ya dripu.

"Baba yako akikojoa, mimina humu. Weka jagi mezani, inama mpaka macho yalingane na mstari, ndipo usome. Ukisoma umesimama utadanganyika. Kisha andika hapa."

Akaniachia karatasi iliyobanwa kwenye ubao, akaenda zake. Alikuwa na vitanda ishirini na vinne peke yake.

Figo za Baba zilikuwa zimegoma. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki. Majibu ya damu yangechukua siku mbili, kwa hiyo daktari alibaki na kipimo kimoja tu, nacho kilikuwa mkononi mwangu.

"Mtu mzima hutoa zaidi ya lita kwa siku," alituambia. "Mzee akifikisha mililita mia tano mpaka kesho asubuhi, tutasubiri. Asipofikisha, anakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Nafasi imebaki moja, na kuna mama wa wodi ya pili naye anaihitaji."

Baba alisikia neno mashine tu. Jirani yake wa kitanda cha tano alipelekwa huko wiki iliyopita. Vilivyorudi ni viatu.

Mchana niliandika arobaini. Alasiri, thelathini na tano, rangi ya chai iliyochemka ikasahauliwa. Shangazi, dada yake Baba, alipofika aliinua jagi akaliangalia dhidi ya dirisha.

"Ndicho ulichokusanya tangu asubuhi? Kaka, hata paka wangu anakushinda."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, ongeza maji kidogo."

"Haiwezekani, Baba. Daktari anaamua kwa kipimo hiki."

"Ndiyo maana nakwambia uongeze."

"Usimsumbue msomi wa watu," alisema Shangazi. "Vyeti vimemjaa, huruma haina pa kukaa."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi uliopita, na bado niliamini kwamba jambo likielezwa vizuri mtu hulielewa. Nikavuta kiti. Nikaeleza lita, nikaeleza figo, nikaeleza maji yanavyopanda taratibu kutoka miguuni hadi mapafuni. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka minne nimevaa shati moja ili usome," alisema. "Kumbe nilikuwa nasomesha wa kunipimia mkojo mpaka nife."

Akajifunika shuka usoni. Jioni nilimshika mkono, akautoa. Nikaandika ishirini.

Asubuhi alitoa ishirini na tano. Jumla, mia moja na ishirini. Nilibeba jagi hadi kwenye sinki la mwisho wa korido, nikasimama hapo. Kisha nikafungua bomba. Nilimimina kidogokidogo, nikaliweka jagi ukingoni, nikainama macho yalingane na mstari kama nilivyofundishwa. Mia tatu na themanini kamili niliongeza, nikaandika mia nne na tano. Sikutaka kudanganya zaidi ya ilivyohitajika.

Daktari alisoma karatasi, uso ukamfunguka.

"Mia tano kamili! Mzee, figo zimeamka. Leo kunywa lita nzima, usiogope." Akamgeukia sista. "Mchukueni yule mama." Kwangu alisema, "Kazi safi, binti."

Baba alinishika mkono mwenyewe. "Mwanangu ana moyo," alimwambia Shangazi, akaomba kikombe cha kwanza. Akaomba cha pili. Akaomba cha tatu.

Saa nne alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Sista akamwekea oksijeni. Mimi nikakimbia, nikamkuta daktari kwenye mlango wa chumba cha mashine.

"Mia tatu na themanini yalikuwa maji ya bomba," nilisema.

Hakupaza sauti. Alinishika kiwiko, akaniingiza ndani. Yule mama alikuwa amelala, mirija miwili imejaa damu yake, na msichana mdogo ameketi sakafuni amemshika kidole cha mguu.

"Anabaki kwenye mashine mpaka saa nane," alisema daktari. "Wewe ni mpimaji. Nimfungue, nimfunge baba yako?"

Msichana aliniangalia.

"Sema, nisikie."

"Hapana."

"Kwa sauti. Mama naye anataka kusikia."

"Hapana!"

"Basi rudi ukapime. Safari hii upime kweli."

Nilimkuta Shangazi akimpepea Baba kwa ule ubao wenye karatasi yangu. Hakuwa na utani tena. Baba alivuta barakoa ya oksijeni pembeni, akaomba jagi. Tulimsaidia kukaa. Tulisikia matone, moja moja, yakakoma.

Niliweka jagi mezani, nikainama. Hayakufika hata mstari wa kwanza. Ilibidi nikadirie.

"Ngapi?" aliuliza.

"Tatu, Baba."

Alihema mara kadhaa kabla ya kupata pumzi ya kusema.

"Andika mia tatu, mwanangu."

Nilichukua ubao mkononi mwa Shangazi, nikaandika tatu.