Sleji Iliyolala Jikoni

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiko la kuni, sleji ya mama mkwe, kile kiti cha mbao cha kuteleza juu ya theluji, imegeuzwa chini juu, nikisugua kwa msasa cha pili kati ya vyuma vyake viwili vya kutelezea. Cha kwanza kilikuwa kimeshang'aa. Kutu ya miaka miwili haiondoki kwa haraka: unaanza na msasa wa chembe kubwa, unafuata wa kati, unamaliza na ule laini. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa kuharibu.

"Gebhard, unajichosha bure," alisema mke wangu Burgl, akifinyanga madonge ya mkate ya supu. "Mama kesho atashuka na gari la mkahawa. Lile goti ni la bandia."

"Daktari amemruhusu."

"Daktari hajamwona Mama akiwa juu ya sleji."

Kila Januari ukoo wetu hupanda kwa miguu hadi mkahawa wa juu mlimani, hula, kisha huteremka kwa sleji, kila mtu na yake. Wa kwanza kwenye msafara huwa mama mkwe, Filomena. Miaka miwili hii alibaki dirishani akitungoja. Mwaka huu alisema atashuka kwa sleji yake mwenyewe, la sivyo hapandi. Burgl naye akaweka sharti: ateremke kwanza mteremko wa nyuma ya zizi, afunge breki kwa visigino vyake na kusimama kwenye uzio. Mara moja tu.

Nilipomaliza nikaibeba sleji nje hadi nyuma ya zizi, Burgl akanifuata. Filomena alikuwa juu ya mteremko tayari, kofia imefungwa kidevuni. Mjukuu wake, binti yetu Vroni, mwenye miaka saba, alisimama chini penye uzio kama refa.

"Mama, shika kamba vizuri," Burgl aliita.

"Nilishika kamba hii kabla hujazaliwa."

Akajisukuma. Sleji ikaenda hatua tatu, ikakwama kama imepigwa msumari.

"Goti," Burgl akasema.

"Goti gani? Goti langu halijaanza hata kazi!" Filomena akashuka, akaigeuza sleji. Barafu ilikuwa imeganda kwenye vyuma, nene, kama uji ulioungulia sufuriani. Akavua glavu, akagusa chuma kwa kidole. Akanitazama kwa upole ulionitia hofu.

"Gebhard, mwanangu. Sleji ililala wapi?"

"Jikoni, Mama. Mbao ilikuwa na unyevu."

"Na leo?"

"Karibu na jiko."

"Baba!" Vroni alipaza sauti kutoka chini. "Chuma cha moto kinayeyusha theluji, halafu inaganda! Hata mimi najua!"

Hata mimi nilijua. Nimezaliwa bonde hili. Niliangalia kutu tu, nikasahau joto.

"Nilisema mara moja," Burgl alisema, lakini sauti ilikuwa imelegea.

"Mara moja ya kuteremka. Hapa nimeteremka wapi? Nimekaa tu, kama kwa kinyozi."

Burgl akauma mdomo asicheke. "Haya. Kesho saa mbili asubuhi, kabla hatujaondoka. Usiposimama kwenye uzio, ni gari, na sitaki mabishano."

"Hutayapata."

Filomena akaketi kwenye benchi la ukutani, sleji mapajani, akaanza kubandua barafu kwa kipande cha ubao. Nilinyoosha mkono nimsaidie. Akaupiga kidogo kwa ule ubao. Alikwenda taratibu, shibiri moja baada ya nyingine, akifuta kwa kitambaa kila alipopita. Chuma cha kwanza kilipokwisha, jua lilikuwa limeingia nyuma ya kilele na baridi ikashuka bondeni. Cha pili bado kilikuwa na barafu nusu, na nta ya kutelezesha vyuma haijapakwa hata kidogo.

"Basi kwa leo," akasema. "Kipoe kwanza. Nitaamka saa kumi na mbili, nimalize hiki, halafu nta."

Akaiegemeza sleji ukutani, nje, juu ya vipande viwili vya kuni isigandiane na theluji. Kisha akapanda ngazi za nyumba bila kushika ukuta, akikunja lile goti kwenye kila kidato. Burgl, aliyekuwa amerudi ndani, alimtazama kupitia dirisha la jikoni hadi cha mwisho.

Mlangoni Filomena akageuka. "Gebhard, nta iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imelainika kwa joto, nayo pia.

Akaichukua, akaiweka juu ya theluji ya dirishani, akaingia ndani.