Zamu ya Ukoo wa Fisi

Mwaka 1938, katika visima vya El Wak, maji yalitekwa na watu wanne. Mmoja alisimama chini kabisa, wawili kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, na wa nne juu, kando ya hori la udongo. Ndoo za ngozi zilipita mkono kwa mkono. Aliyekuwa chini aliimba mstari, wenzake wakamjibu, na kwa wimbo huo ndoo hazikugongana.

Ebla binti Huka hakuwa na wa kumjibu. Kila Jumanne, baada ya swala ya alasiri, aligeuka fisi kwa muda wa saa moja hivi, akajilaza mbele ya kibanda chake mpaka hali hiyo ipite. Hakupata kula mbuzi wa mtu. Hata hivyo, ukoo wa baba yake ulisema aliolewa akaondoka, na ukoo wa marehemu mumewe ukasema arudi kwao.

Karani wa serikali alipofika kuandika zamu za maji, hakutaka jina lisilo na ukoo. Alimuuliza Alio, msimamizi wa kisima, huyu mama ni wa nani. Alio alijibu kwa adabu kwamba ni wa fisi. Karani aliandika: Ukoo wa Fisi, mtu mmoja, mbuzi tisa, Alhamisi. Akapiga muhuri.

Wazee waliridhika. Ebla hakukatazwa kuteka. Ilikatazwa tu mtu kusimama kisimani katika zamu ya ukoo usio wake.

Kufikia Alhamisi ya tatu wawili walikuwa wamekufa kwa kiu, mbuzi wakabaki saba. Ebla alimwomba jirani yake, Saynab, asimame juu tu, amjibu. Saynab alisema angependa sana, ila watu wangeuliza.

Alhamisi ya nne Ebla alishuka peke yake. Ilipofika adhuhuri mikono yake ilikuwa imerefuka hadi horini, na mbuzi wakanywa. Alio alichungulia, akakiri kwamba hori limejaa upesi kuliko siku ya ukoo wake.

Jioni wazee walikuja na ombi: awatekee wote, kila siku, isipokuwa Jumanne alasiri, kwa kumheshimu. Mbuzi wake wangekunywa mwisho. Kuhusu katazo la zamu, walieleza kwamba mikono si mtu.

Ebla alikubali, akaomba jambo moja tu. “Mmoja wenu asimame juu, anijibu wimbo.”

“Abaayo,” Alio alisema, kwa upole wa kaka kwa dada yake, “mikono hiyo inatosha watu wanne. Sauti ya nini tena?”

“Nijue kama kuna mtu huko juu.”

“Tupo. Ngamia wakinywa utawasikia.”

Ijumaa ngamia wa Alio walikunywa wakashiba. Saynab alileta maziwa, akayaacha kwenye jiwe la mbali. Chini kisimani Ebla aliimba mstari wa kwanza, akanyamaza kwa urefu wa mstari wa pili, kisha akaimba wa tatu.