Namba Sita Katika Bwawa Linalonuka

Bwawa la Zuwena lilianza kunuka tangu alfajiri, harufu nzito ya kushika hadi kwenye mtandio. Samaki wake, mwatiko wa maji chumvi, walielea matumbo juu, nzi wamewajaa machoni. Hafsa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga samaki pale Moa, aliwachota kwa tenga. Lilikuwa bwawa la pili kufa ndani ya wiki mbili. Yalibaki mawili tu, na humo ndimo lilimokuwa jasho lote la wanawake kumi na wanne.

Na kile kisanduku kibandani, balaa la mabalaa, kilikuwa bado kinaonyesha sita kwa kila bwawa. Sita maana yake hewa tele majini, samaki raha mustarehe. Namba ikishuka chini ya nne ndipo waliagizwa kuwasha mashine ya kupulizia hewa. Haikushuka hata siku moja.

Aliyefunga mtambo huo ni Nasri, mume wa binti yake Najat. Kila bwawa lina fimbo yake ya kupimia, na waya za fimbo zote nne zinaishia kwenye kisanduku kimoja. Wiki tatu nyuma Hafsa aliwaona samaki wakitweta juu ya maji, midomo wazi. Alimwambia Nasri mara moja tu, kwa upole, uso kaugeuzia pembeni.

"Mama, jicho hudanganya. Chombo hakidanganyi," Nasri alijibu.

Hafsa akanyamaza. Mama wa Moa atagombana na mumewe, na jirani, hata na shekhe, lakini habishani na mkwe. Mkwe huvumiliwa hata akikanyaga sahani. Heshima gani hii!

Leo kinyaa kiliizidi heshima. Aliingia kibandani na mikono yake inayonuka, akachomoa waya za fimbo tatu, akabakiza moja ya bwawa lililo hai. Namba ikaporomoka kutoka sita hadi mbili. Akarudisha fimbo ya pili, ikawa tatu. Ya tatu, ikapanda tena. Alipochomeka ya nne, sita ileile ikamkodolea macho. Kila fimbo iliyorudi iliipandisha namba ya wenzake.

"Zuwena! Washa mashine, mabwawa yote mawili, sasa hivi!"

Kisha akazifuata zile waya nyeusi, zinazorudisha umeme kwenye kisanduku. Zote nne zilikutana chini ya ubao, zimeviringishwa tambara jeusi linaloteleza. Alilinusa. Mafuta ya papa, yaleyale ya kupaka mitumbwi, yameshachacha.

Nasri alimkuta amelishika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki nini?" Kwa mara ya kwanza tangu ndoa ifungwe, alimtazama usoni moja kwa moja.

"Mafuta ya papa, mama. Chumvi isile shaba. Babu alipaka mtumbwi wake hivyo miaka yote."

"Mtumbwi haupimi hewa, Nasri."

"Najua. Waya nimezipaka kabla ya kuzisokota, fundo halishiki sawasawa. Umeme wa fimbo zote unarudi kwa njia hiyohiyo iliyoziba, basi kila moja inaisukuma juu namba ya mwenzake."

"Umejua leo?"

Nasri aliinama. "Tangu bwawa la kwanza lilipokufa. Nilitaka nije nilifunge upya. Nikaona haya. Wewe mama mkwe wangu, ningeanzaje kukwambia nimekuulia samaki?"

Hafsa alijichukia. Yeye aliona akanyamaza, huyu alijua akanyamaza, kila mmoja anamstahi mwenzake, na samaki wa watu wanakufa.

Nje mashine ilikuwa inanguruma. Zuwena akasimama mlangoni, magamba yamemganda mikononi.

"Dada Hafsa, basi nini kimeniulia samaki wangu?"

Nasri alimtupia mkwewe jicho la kuomba.

"Sisi wawili," Hafsa akasema. "Tulioneana haya."