Lori la Opicho Halivutwi kwa Kamba

Opicho alipozikwa kule nyumbani Webuye, nduguye Luseno alisimama mbele ya wazee akasema, "Lori likija hapa kwa magurudumu yake siku ya kugawa mali, ni la mjane wake, Nafula. Likishindwa, nitalivuta kwa kamba nikaliuze chuma chakavu." Wazee wakaitikia. Luseno alijua anachosema, maana lori lilikuwa limeganda nje ya nyumba ya Nafula na mumewe huko mjini, Makongeni, nalo lilikuwa kuukuu kumshinda yeye.

Ubovu ulikuwa ndani ya giaboksi. Kuna chuma kama uma wa meno mawili kinachosukuma ovadraivu, ile gia ya kukimbilia barabara iliyonyooka. Uma ulikatika, gia ikakwama papo hapo, na gari lililokwama kwenye gia ya mbio haliwezi hata kuondoka. Nafula aliyajua hayo kwa kuwa miaka yote alilala chini ya lori hilo na mumewe wakilitengeneza. Ndilo lililowalisha, na hakuwa tayari kuliona likikatwakatwa.

Mtafuta cha uvunguni sharti ainame. Alipekua marundo ya vyuma Gikomba, akaenda mpaka Kariobangi, ule uma uliovunjika ukiwa ndani ya kiondo. Kijana mmoja wa spea alimcheka waziwazi.

"Mathe, hii ni ya wakoloni. Spea zake walienda nazo."

"Na wewe wakakuachia mdomo tu?" Nafula akamjibu, akashika njia. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimfaa kuliko chai.

Ikampeleka Majengo kwa Mbithi, mchonga vinyago aliyekuwa akiletewa magogo na Opicho kutoka Ukambani. Mbithi akaviunganisha vile vipande, akavigeuzageuza.

"Mama, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitachonga mfano wake wa mti. Wale wa kuyeyusha shaba wataubana kwenye mchanga, wautoe, wamimine shaba palepale."

Uma wa shaba ulitoka mzuri wa kuvaliwa shingoni. Ndani ya giaboksi ukachezacheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Nafula alitaka kulia. Mbithi akautazama mfano wake wa mti, akajishika kichwa. Alikuwa ameupiga msasa na kuusugua rangi ya viatu, kama awafanyavyo twiga wa kuuzia watalii, mpaka ukakonda.

"Mikono hii haijui kuacha," alisema kwa haya.

"Safari hii itaacha. Nipe mbaya, mnene. Kumaliza nitamaliza mimi."

Mbithi akachonga mwingine, akauacha na makovu ya tezo, akauzungushia gazeti ili wachongaji wenzake wasiuone. Shaba ikamiminwa tena. Nafula akakaa mlangoni na tupa, akawa anakwaruza na kujaribisha, anakwaruza na kujaribisha, hadi uma ukakaa bila kutikisika.

Luseno alifika asubuhi ya siku ya kugawa mali, kamba begani. Lori likakohoa, likaondoka, likasimama mbele yake.

"Shemeji, panda," Nafula alisema kutoka kwenye usukani. "Tutachelewa kikao."

Luseno akapanda, kamba mapajani. Walipoipata barabara iliyonyooka ya Naivasha, Nafula akasukuma ovadraivu. Ikaingia laini. Hapo ndipo alipomlilia Opicho kwa mara ya kwanza tangu wamzike, na hakupunguza mwendo.